Tone Lisilosubiri

Kipengele cha sita ndicho kilichomtoa Mama Chati hamu ya chai. Alikisoma mara tatu, akaigeuza fomu ya ukaguzi kutazama mgongoni, kana kwamba huko nyuma mtu amesamehe alichodai huku mbele. Hapakuwa na kitu. Akasoma tena kwa sauti, ili na mumewe ashiriki uchungu.

"Mwalimu atumie slaidi zenye michoro inayotembea."

"Inatembea kwenda wapi?" akauliza mumewe bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Ningejua ningekwambia."

Chumba cha mbele kilikuwa cha Fundi. Kulikuwa na cherehani, meza ya kukatia, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na sare za shule zilizoning'inia ukutani bila mikono zikingoja kumaliziwa. Mkewe alipewa kona moja, karibu na dirisha, na kona hiyo aliijaza chati. Alizichora mwenyewe kwa kalamu nene kwenye karatasi za manila: figo, ua, jicho, jino, na moyo mkubwa kuliko kichwa cha ng'ombe. Kwa chati hizo alifundisha baiolojia miaka ishirini na minne, na kwa chati hizo wanafunzi wakambatiza jina ambalo hata Mkuu wa shule alilitumia mbele za wageni.

"Chati zangu zimefundisha watu wakawa madaktari," akasema.

"Ni kweli."

"Sasa eti moyo usipotembea ukutani mtoto haelewi. Mkaguzi anakuja baada ya wiki tatu. Atakaa darasani kwangu dakika arobaini. Asiporidhika, muhula ukiisha mkataba wangu hauongezwi."

Cherehani ikanyamaza. Fundi aliutoa uzi mdomoni, akaushika.

"Na kadi?"

"Kadi inakwenda na mkataba."

Hakuuliza zaidi. Kadi ile ya bima ndiyo iliyomwingiza kliniki kila mwezi na kumtoa na vidonge vya moyo vya rangi mbili. Bila kadi, vidonge vile vilikuwa vitu vya kutazamwa kwenye kabati la vioo. Akaurudisha uzi mdomoni, akaukata kwa meno, mguu wake ukaanza tena kukanyaga, taratibu, kama mtu anayejua pumzi zake ni za kugawa.

*

Duka la wifi yake lilikuwa la steshenari: daftari, kurudufu, kadi za mialiko, programu za misiba. Lakini sifa yake mtaani ilitokana na picha za harusi. Wifi alizipanga kwenye kompyuta zikawa zinapita zenyewe kwenye pazia la ukumbini, maharusi wakizunguka, majina yakidondoka kutoka juu kama mvua, na mwisho makofi yakilia hata kama ukumbini hakuna aliyepiga.

"Karibu, wifi," akasema, kidevu juu. "Leo umekumbuka tunauza nini humu?"

"Nimekuja kujifunza, sikuja kutukanwa."

"Vyote viwili kwangu ni bure."

Mama Chati akamweleza shida. Wifi hakucheka. Huyo wa kwenye cherehani alikuwa kaka yake, baba na mama mmoja, na habari ya kadi ilimwingia kabla sentensi haijaisha. Akavuta kiti cha pili, akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Niachie. Kesho kutwa uje uchukue, imeiva."

"Nikiulizwa niliifanyaje, nijibu wifi yangu anajua?"

"Kwani uongo?"

"Nifundishe, wifi. Usinifanyie."

Wakaanza. Wifi akauleta moyo kwenye kioo cha kompyuta, akabonyeza; moyo ukaanguka kutoka juu, ukaruka mara tatu, ukajizungusha, makofi yakalipuka mpaka mteja wa kurudufu cheti akageuka.

"Wifi, huu ni moyo, sio mpira."

"Watoto watafurahi."

"Watafurahi, halafu?"

Wifi akafikiri. "Halafu watakuwa wamefurahi."

"Toa makofi. Toa kuruka. Mimi nataka tone moja tu la damu. Liingie hapa, lishuke, litoke, liende mapafuni, lirudi. Nataka mtoto alifuate kwa macho kama anavyomfuata mdudu ukutani."

Kulisema hilo kulikuwa rahisi. Mkono uliozoea chaki haukuzoea kipanya. Tone lilikuwa duara dogo la buluu. Ilibidi alichoree njia, na alipolichorea njia, kipanya kikamponyoka. Akabonyeza kutazama. Tone likaingia chumba cha juu vizuri kabisa, likapinda, likapasua ukuta wa moyo, likatoka nje likapotelea kwenye pembe ya kioo.

"Umeua mgonjwa," wifi akasema.

Wote wawili walicheka mpaka wakafuta machozi, na hakuna aliyemwambia mwenzake alimfikiria nani alipokuwa akicheka.

Siku ya pili tone lilifika chumba cha chini. Siku ya tatu Mama Chati alijifunza kufanya mlango wa moyo ufunguke: vipande viwili vidogo, kimoja kikizungukia kushoto, kingine kulia. Siku ya nne tone lilifika mapafuni, na pale wifi akamfundisha kulibadilisha buluu kuwa jekundu polepole, bila kuruka. Mama Chati alilitazama mara saba. Mwanamke mwenye miaka hamsini na miwili, viatu vimelika kisigino upande mmoja, amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya karatasi na wateja, na jambo alilolisema kwa mdomo miaka ishirini na minne sasa linatendeka mbele yake. Aliomba maji ya kunywa.

"Sasa hapa uchague," wifi akasema. "Kila tone likitaka kusogea wewe ubonyeze, au liende lenyewe kwa sekunde utakazoliwekea."

Mama Chati alimkumbuka mwalimu kijana wa jiografia, aliyejaribu slaidi zake wiki iliyopita. Kidole kilimteleza akabonyeza mara mbili, mlima wa volkano ukalipuka kabla hajaeleza una nini ndani, darasa likamzomea, naye akatoka amelowa shati mgongoni. Tena Mama Chati mwenyewe hafundishi mikono ikiwa imetulia. Mikono yake ndiyo nusu ya somo.

"Kwako mwenyewe huwa unafanyaje?"

"Zinakwenda zenyewe. Ndiyo kitaalamu."

"Basi ziende zenyewe."

*

Kuzipanga sekunde kulitaka mazoezi, na mazoezi yalitaka darasa. Darasa lilikuwa Fundi.

Kila alasiri, sare zikiwa zimekunjwa, alikaa kwenye kigoda, macho kwenye kompyuta ya kuazima ya wifi, saa ya mkononi ameivua ameishika kama mwamuzi. Mkewe alisimama karibu na kioo kilichopasuka, akafundisha.

"Damu isiyo na hewa safi inaingia chumba cha juu, upande wa kulia…"

"Sekunde kumi na mbili," Fundi akasema.

Akaandika kumi na mbili. Mlango wa kwanza, tisa. Kushuka, saba. Walipima kila hatua ya slaidi zote kumi na nne namna hiyo, wakarudia, wakarudia, mpaka sauti na tone vikawa vinakwenda sambamba kama mguu wa Fundi na sindano yake. Alipotamka "mapafu", tone liligusa mapafu. Alipotamka "nyekundu", likawa jekundu.

"Umeelewa?" alimuuliza kila walipomaliza.

"Nimeelewa."

Alikuwa msikilizaji mzuri mno. Katika ndoa ya miaka ishirini na sita alikuwa amejifunza kwamba mkewe akieleza jambo hakatizwi, kukatiza kulirefusha. Aliitikia kwa kichwa mahali panapostahili, na mahali pasipostahili aliitikia vilevile. Mara kumi na moja walirudia somo, na mara zote kumi na moja lilikwisha kwa dakika thelathini na nane kamili, zikabaki mbili za shukrani.

Siku ya ukaguzi Mama Chati alikwenda mapema kuchukua projekta. Aliyezitunza alikuwa kijana wa maabara, waliyemwita Bwana Waya kwa kuwa funguo zote za kabati la nyaya zilikaa shingoni mwake. Akamfungulia daftari.

"Saini hapa. Projekta moja, waya wa umeme mmoja, waya wa picha mmoja. Lakini mama, kuiwasha unajua?"

Walimu wawili waliokuwa wakisahihisha wakainua vichwa.

"Wewe nilikufundisha tofauti ya vena na ateri," Mama Chati akasema, "ukaniandikia kwamba zote ni bomba. Nipe waya."

Alitoka na kicheko cha wale walimu kikimfuata Bwana Waya, lakini masikio yake mwenyewe yalikuwa ya moto.

*

Wanafunzi arobaini na wawili. Nyuma kabisa, kwenye dawati lililo fupi kwa magoti yake, mkaguzi: mzee mwembamba, faili mapajani, kalamu mbili mfukoni. Kando yake Mkuu wa shule, mikono imefungamana.

Moyo ulipowaka ukutani, darasa likaguna. Tone likaingia. Mama Chati akafungua mdomo, sauti ikatoka palepale ilipotakiwa, mikono ikaruka. Slaidi ya kwanza, ya pili. Tone likafika mlangoni, vipande viwili vikafunguka, na wanafunzi ambao kawaida husinzia saa hiyo wakawa wameinua shingo. Akamwona Mkuu amefungua mikono. Moyoni akasema: kadi ipo.

Kwenye slaidi ya nne msichana wa dirishani akanyoosha kidole. Huyu alikuwa mtoto wa maswali. Walimu wengine walimwita Mwanasheria.

"Mwalimu, huo mlango nani anaufungua?"

Swali zuri. Swali ambalo mwaka mwingine wowote angeliacha somo zima kando ili alijibu. Akaanza, "Hakuna mtu anayeufungua, damu yenyewe…" na kwa pembe ya jicho akaliona tone linashuka. Sekunde saba. Likapita mlango wa pili.

"Yenyewe kivipi, mwalimu? Inajuaje?"

"Subiri kidogo, nitarudi hapo." Akageukia ukuta. "Sasa damu inakwenda mapafuni…" Lakini mapafuni ilikwisha kufika, imeshakuwa nyekundu, inaondoka. Akaharakisha. Vidole vingine vitatu vikapanda. Mmoja akasema hakuona ilivyobadilika rangi. Mwingine akasema mwalimu yuko kulia, damu iko kushoto. Darasa likaanza kucheka, kicheko kile cha chini ambacho hakina mwenyewe.

Alikimbilia kompyuta, akabonyeza kitufe alichodhani ni cha kusimamisha. Slaidi ikaruka. Akabonyeza tena, zikaruka mbili. Ukutani moyo ukapita, mwili ukapita, mishipa ikapita, kila kitu kikienda mbio kama vile kina miadi mahali. Kisha ukuta ukawa mweupe, maandishi yakadondoka kutoka juu herufi moja moja: ASANTENI KWA KUNISIKILIZA.

Na makofi yakalipuka.

Makofi ya ukumbi mzima wa harusi, ndani ya darasa, dakika ya kumi na tisa. Mama Chati alidhani yamefutwa yote, kwa kuwa nyumbani walifanya mazoezi kompyuta imezimwa sauti. Wifi alikuwa ameyaacha hayo ya mwisho, kwa mapenzi tu, kwa kuwa hakuweza kufikiria kazi nzuri inayokwisha kimyakimya.

Darasa lilianguka kwa kicheko. Walipiga madawati, walishikana mabega. Mkuu aliinamia viatu vyake. Mama Chati alisimama kwenye mwanga wa projekta, herufi za "asanteni" zimemkaa usoni na kifuani, na jasho jembamba likamtambaa nyuma ya sikio.

"Endelea, mwalimu," mkaguzi akasema.

Akajikaza. Akaizima projekta. Akanyoosha viganja viwili mbele yake vikagusana ncha, akamwita Mwanasheria mbele.

"Wewe ni damu. Sukuma."

Msichana akasukuma, viganja vikafunguka kuelekea ndani, mkono ukapita.

"Sasa umeshapita. Rudi, sukuma kutoka huku."

Akasukuma, viganja vikabanana, havikumruhusu.

"Nani kafunga?"

"Mimi mwenyewe," msichana akasema, na akashangaa alivyolisema.

Kengele ililia wakiwa bado nusu ya moyo. Darasa lilipobaki tupu, mkaguzi alikuja mbele, akaitazama projekta kama mtu anayetazama mbwa wa jirani.

"Michoro ni mizuri. Ile ya rangi kubadilika sijaiona kwa mwalimu yeyote mwaka huu. Umechora mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Lakini ilikuwa inafundisha yenyewe, na wewe unaikimbiza. Mazoezi ulimfanyia nani?"

"Mume wangu."

"Hakuuliza swali hata moja?"

Mama Chati alitaka kumtetea. "Hajawahi," akasema.

Mkaguzi akaandika kitu kwenye kipengele cha sita, kwa muda mrefu kuliko wa kuandika sifuri. "Nina shule nyingine upande huu. Nitapita tena baada ya siku kumi na nne. Ikiwa hivi tena, nitaandika nilichokiona."

*

"Makofi!" Mama Chati alikuwa amesimama katikati ya chumba cha mbele, mkoba bado begani. "Nilikwambia toa makofi!"

"Nilitoa saba," wifi akasema. "Nikabakiza moja la baraka."

"Baraka imenipigia kwenye dakika ya kumi na tisa!"

"Sasa wewe uliikimbizia nini mpaka mwisho? Tena mimi naandaa harusi, wifi. Harusini nani ananyoosha kidole?"

Mama Chati akauweka mkoba chini. Akamgeukia mumewe, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake, mikono magotini, kama mshitakiwa wa pili.

"Na wewe. Mara kumi na moja. Umeelewa, umeelewa. Kweli ulielewa?"

Fundi akajipangusa paji la uso. "Nilijua unahesabu sekunde. Nikaona nisikuharibie."

Wakakaa wakazibadilisha slaidi. Tone sasa halikuwa na sekunde. Lilisimama lilipofika, likangoja kidole. Slaidi kumi na nne zikabaki tano. Makofi yalifutwa mbele ya mashahidi. Kisha mwalimu akasimama tena karibu na kioo.

"Leo unikatize."

"Nikukatize?"

"Uulize. Kama mwanafunzi mkorofi. Usiponikatiza chakula hakuna."

Akaanza. Tone likaingia chumba cha juu, likasimama. Fundi alijikuna shingo, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, naomba ruhusa kwenda haja."

Wifi akacheka akaegemea sare. "Huyu alikuwa hivyohivyo tangu shule!"

"Uliza swali la somo," mkewe akasema, anazuia midomo isicheke.

Akaendelea. Upande wa kulia, mapafu, jekundu, kurudi upande wa kushoto. Mlango ukafunguka, tone likapita, mlango ukafunga. Kidole cha Fundi kilipanda tena, safari hii polepole, hakikufika hata usawa wa sikio.

"Usipofunga?"

"Nini?"

"Huo mlango. Usipofunga vizuri."

Mtaani mtu alikuwa akisukuma mkokoteni uliokosa mafuta.

"Ule wangu ni upi?" akauliza Fundi. "Daktari alinieleza siku ile. Alisema kuna mlango unavuja. Alikuwa amesimama, mkono kwenye kitasa, nje kuna foleni. Akaniuliza nimeelewa. Nikasema nimeelewa." Akaichezea saa yake. "Nikitazama hapa mara kumi na moja, nilikuwa najiuliza ni huu au ni ule wa kulia. Nikasema nisikukatize."

Miaka mitatu ya vidonge. Mama Chati aliyeufundisha moyo kwa watoto wa watu, aliyeuchora mkubwa kuliko kichwa cha ng'ombe na kuutundika ukuta uleule ambao mumewe aliukabili kila siku akikanyaga cherehani. Hakuwahi kuweka kidole juu yake akasema: wewe ni hapa. Alidhani ameambiwa. Mwenyewe alisema ameelewa.

Akasogea kwenye kompyuta, akaweka kidole kwenye kioo.

"Ni huu. Wa kushoto, kati ya cha juu na cha chini."

"Na unavujaje?"

Akabonyeza kitufe cha kurudi nyuma. Tone jekundu lililokuwa limeshapita likarudi juu ya mlango.

"Hivyo," akasema. "Moyo unasukuma iende mwilini, kidogo inarudi juu. Ndiyo maana ngazi tatu zinakuchosha. Moyo wako unafanya kazi moja mara mbili."

Fundi akasogeza kigoda. Aliufahamu mshono usioshika. Alishughulika nao maisha yake yote.

"Rudisha tena," akasema.

Akarudisha. Wifi alikuwa amegeuka anatazama sare, anazihesabu zisizohitaji kuhesabiwa, kidole cheupe kwa chaki ya fundi aliyoiokota mezani bila kujua.

*

Siku ya kumi na nne somo halikufika slaidi ya tano. Lilikwama kwenye ya tatu, kwenye mlango, kwa sababu Mama Chati alikuwa ameongeza mlango wa pili, usiofunga, na Mwanasheria hakuwa wa kuuachia upite hivihivi. Tone lilikaa pale dakika nane nzima likiwangoja. Mkaguzi naye aliuliza swali, la kweli au la mtego haikujulikana, akajibiwa na mwanafunzi wa dawati la mbele kabla mwalimu hajafungua mdomo. Somo halikukamilika. Kwenye kipengele cha sita mkaguzi aliandika maneno mawili, na Mama Chati aliyasoma kwenye nakala yake akiwa koridoni, amesimama, waya wa picha umemzunguka mkono: *Sasa zinasubiri.*

Mwezi uliofuata, muhula mpya umeshaanza, dada wa dirishani kliniki aliipokea kadi, akaitazama tarehe, akaipiga muhuri bila kuinua macho. Fundi akaingia. Daktari alikuwa yuleyule, na foleni ni ileile. Alimpima, akasikiliza kifua, akaandika, akasema sentensi tatu za haraka, akainuka.

"Umeelewa, mzee?"

Mkono ulikuwa umeshafika kwenye kitasa. Fundi akatoa mfukoni kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, chenye maswali manne kwa mwandiko wa mkewe na la tano kwa wake mwenyewe, akakinyoosha juu ya goti.

"Sijaelewa, daktari," akasema. "Naomba urudishe nyuma kidogo."